Waya Uleule, Mtaro Uleule

Chini kabisa ya bili ya kebo, baada ya kifurushi, king'amuzi, intaneti na ile ada ya chaneli za michezo ambayo sijapata kukutana na mtu anayeielewa, kuna mistari yenye dola chache na senti. Hapa Vermont ninakoishi, mmojawapo ni wa chaneli za jamii: ile televisheni ya mtaani inayoonyesha kikao cha halmashauri, mahafali ya sekondari, na jirani yako akifundisha kuchonga mbao. Ukikaa na watu wakaanza kulalamikia bili, mstari huo ndio wanaouanza. Si bei ya kifurushi iliyopanda tena, si king'amuzi wanachokikodi miaka nenda miaka rudi. Ni zile dola mbili tatu. "Kwa nini nilipie televisheni nisiyoitazama?"

Swali hilo lina haki ya kuulizwa, ila limeanzia mahali pasipo pake. Pesa ile haijawahi kuwa malipo ya kutazama televisheni. Ni pango. Kampuni ya kebo imetandaza nyaya zake juu ya nguzo na chini ya mitaro iliyo kwenye ardhi ya umma, na wenye ardhi wakasema: sawa, pita, lakini utatulipa, na sehemu ya malipo hayo itakuwa chaneli yetu.

Aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya hifadhi ya barabara. Ni ile alama ya X nyekundu ukutani, kisha siku moja greda. Tunajua vizuri kwamba ule ukanda kando ya lami una mwenyewe, na mwenyewe ni umma, hata kama mama lishe na fundi baiskeli wameukalia miaka ishirini. Tusichokizoea ni wazo kwamba kampuni kubwa inayopita katika ukanda huohuo inaweza kudaiwa kodi ya pango na wakazi wa eneo, tena pango lenye masharti ya kuwaachia kipaza sauti. Kaunti za Kenya hutoza kampuni kwa kupitisha nyaya ardhini, na ugomvi juu ya tozo hizo hauishi. Lakini pesa hizo kununua kamera ya kijana wa mtaani? Hilo halipo mezani.

Huku Marekani liliwekwa mezani mapema. Kebo ilipoanza kusambaa miji mikubwa, kampuni zilihitaji kibali cha manispaa, maana huwezi kufikisha waya nyumba kwa nyumba bila kuvuka barabara ya mtu. Na kwa kuwa hakuna mji uliotaka makampuni manne yachimbe mitaro minne mtaa mmoja, kibali hicho kilikuwa karibu sawa na kupewa soko zima. Huko Manhattan, New York, chaneli za umma zilifunguliwa Julai 1971 kwa mtindo huo: mmekabidhiwa mitaa yetu, tuachieni nafasi ya wakazi kusema. Mwaka huohuo, George Stoney na Red Burns walianzisha Alternate Media Center katika Chuo Kikuu cha New York ili kuwafundisha watu wa kawaida kushika kamera. Stoney alikuwa amerudi kutoka Canada, alikoongoza mradi wa filamu wa serikali ulioitwa Challenge for Change, ambao ulikuwa ukiwapa wanakijiji kamera wajieleze wenyewe badala ya kuelezwa na wataalamu. Sony ilikuwa imeshatoa Portapak, kamera ya video ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba begani, ingawa ukiona picha za wakati ule utamwonea huruma aliyeibeba.

Sheria ilikuja nyuma ya mazoea, kama kawaida yake. Mwaka 1972 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, iliamuru mifumo ya kebo katika masoko makubwa 100 iwe na chaneli za umma, za elimu na za serikali za mitaa. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema tume haikuwa na mamlaka ya kuamuru hivyo. Basi kila mji ukabaki kupambana kivyake kwenye meza ya mkataba, mpaka mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kebo. Ilikuwa biashara ya nipe nikupe. Kampuni zilipata uhuru wa kupanga bei. Miji ikapata haki ya kudai chaneli na kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ghafi yatokanayo na huduma ya kebo. Shikilia hayo maneno matatu ya mwisho, "huduma ya kebo", maana ndiyo yaliyokuja kutunyonga.

Sheria iliruhusu pia kampuni kuandika ada hiyo peke yake kwenye bili ya mteja. Hapo kampuni zilicheza vizuri, lazima niwape sifa. Kampuni ina gharama chungu nzima: pango la ofisi, mafuta ya magari, mawakili, mishahara ya wakubwa. Zote zimefichwa ndani ya bei ya kifurushi. Gharama moja tu, pango la kutumia barabara yako, ndiyo inayotolewa nje na kuandikwa kwa jina, ili uione na uikasirikie. Ni sawa na mwenye duka akuandikie kwenye risiti: sukari, unga, na kodi ya fremu ninayomlipa mjomba wako. Utarudi nyumbani ukagombane na mjomba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika miji mingi ya Marekani ile asilimia 5 huingia kwenye mfuko mkuu wa manispaa, ikayeyuka humo pamoja na mishahara ya polisi na viraka vya lami. Kituo cha televisheni ya jamii hupata makombo au hakipati kitu. Sheria haiulazimishi mji kukipa chochote. Vermont ilichagua njia nyingine. Huku kibali cha kebo hutolewa na jimbo, si na kila mji, na hiyo asilimia 5 huelekezwa kwa mashirika yasiyo ya faida yanayoendesha chaneli za jamii. Ndiyo maana jimbo dogo namna hii, lenye watu wasiofikia hata laki saba, lina mashirika kama ishirini na tano ya televisheni ya jamii, mengine katika vijiji ambavyo duka ni moja na kituo cha mafuta ni kimoja.

Watu wakisikia "televisheni" hudhani ni jengo lenye mlinzi getini. Kituo nilichojifunzia mimi ni vyumba vichache nyuma ya jengo la zamani, chenye wafanyakazi wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Unaingia, unajaza fomu, unahudhuria mafunzo ya jioni bila malipo, kisha unaazimwa kamera, stendi yake na kipaza sauti cha kubana shatini, kama unavyoazima kitabu maktaba. Ukirudisha umechelewa utasemwa kwa upole wa kidini. Kipindi chako kitarushwa. Hakuna mhariri atakayekuuliza kama kina soko.

Kazi kubwa ya vituo hivi, hata hivyo, si vipindi vya akina mimi. Ni vikao. Vikao vya halmashauri, vya bodi ya shule, vya kamati ya mipango miji, ambako mtu anaweza kuongea dakika arobaini juu ya urefu wa uzio. Nimesimama nyuma ya kamera katika vikao hivyo na nakiri hakuna kinachochosha mithili yake. Lakini nimeona pia jinsi wajumbe wanavyokaa vizuri kitini taa nyekundu ya kamera ikiwaka. Na nimeona mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku akitafuta rekodi ya kikao cha shule ajue kwa nini basi la wanafunzi halipiti tena kwake. Gazeti la mji halipo siku hizi, au lipo kwa jina. Kamera ya kituo ndiyo iliyobaki chumbani.

Burlington, mji mkubwa kuliko yote jimboni, unalo kumbukumbu zuri la hili. Meya wake wa miaka ya 1980, Bernie Sanders, alikuwa na kipindi kwenye chaneli ya jamii kati ya 1986 na 1988, akizunguka na kipaza sauti kuwahoji wakazi madukani na mitaani. Picha mbovu, sauti inakwaruza, meya anauliza maswali marefu kuliko majibu. Kanda zile zilitunzwa na CCTV, kituo cha jamii cha hapo Burlington kilichoanzishwa mwaka 1984. Alipogombea urais, waandishi kutoka miji mikubwa walikwenda kuzifukua. Hakuna kituo cha biashara ambacho kingetunza saa zote zile za meya wa mji mdogo akiongea na watoto wa shule.

Na kwa sisi tuongeao Kiswahili, mwaka 2020 ulitupa sababu yetu wenyewe. Korona ilipoingia, matangazo ya serikali yalikuwa ya Kiingereza, na Burlington na mji jirani wa Winooski imejaa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Somalia, Bhutan na kwingineko. Kikundi cha wakalimani na wafanyakazi wa jamii kilianza kutengeneza video fupi za maelezo ya afya kwa lugha nyingi, Kiswahili na Kirundi zikiwemo, na CCTV wakawa ndio wenye kamera na chaneli ya kuzitolea. Kazi ile ilikua ikawa mradi wa kudumu wa haki ya lugha, Vermont Language Justice Project. Angalia ulivyokwenda mnyororo: kampuni inalipa pango la nguzo, pango linalipa mshahara wa fundi kamera, fundi kamera yupo kazini siku ugonjwa unapoingia, na bibi aliyetoka Uvira anaambiwa na mtu wa sura na lugha anayoijua jinsi ya kujikinga. Siku ya dharura huwezi kuanza kuunda kituo cha televisheni. Ama unacho, ama huna.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Chaneli isiyo na mhariri humrusha yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kansas City, Missouri, wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wanaowatisha Weusi, walidai nafasi yao kwenye chaneli ya umma kama raia mwingine yeyote. Madiwani hawakutaka, na sheria haikuwaruhusu kuchuja kipindi kimoja kwa maudhui yake, basi wakapiga kura kuifuta chaneli nzima. Klan wakashitaki, wakitetewa na mawakili wa haki za kiraia, na mwaka 1989 chaneli ikarudishwa. Mimi ni Mwafrika ninayeishi katika nchi hii. Sihitaji mtu kunifafanulia kile kundi lile lilichotaka kusema. Hata hivyo nikiwaweka pamoja, Klan kwenye chaneli ambayo ninaweza kwenda kesho yake nikajibu, na madiwani wenye uwezo wa kuzima chaneli wakichukizwa, wanaonitisha zaidi ni madiwani. Mwenzangu mmoja wa kituoni, mama wa Kimarekani mweusi, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema ni rahisi kwangu kusema hivyo kwa kuwa babu yangu hakukimbizwa na wapanda farasi wa Klan. Sina jibu la hilo, na sijalitafuta.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ililigusa tena jambo hili kwa upande mwingine. Watayarishaji wawili, DeeDee Halleck na Jesus Melendez, walikuwa wametengeneza filamu ya kukikosoa kituo cha jamii cha Manhattan, MNN, kwa jinsi kilivyoitendea East Harlem. Kituo kikawasimamisha. Wakashitaki wakisema haki yao ya kusema imevunjwa. Mahakama, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba MNN ni shirika binafsi, si serikali, ingawa ni mji uliolikabidhi chaneli. Kwa hiyo chaneli inazaliwa na mkataba wa umma, inalishwa na pango la umma, lakini anayeiendesha habanwi na katiba jinsi mji ungebanwa. Kwangu uamuzi ule ulikuwa mbaya. Ila unakumbusha jambo ambalo wapenzi wa vituo hivi hawapendi kulisema: pesa ya uhakika hailetagi uongozi mzuri yenyewe. Bodi inaweza kulala. Nimewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa wanachama ambao wanachama tulikuwa wachache kuliko sambusa.

Hata na dosari hizo, bado naipenda pesa ya aina hii kuliko ile niliyoizoea nyumbani. Miaka ya 1990, kusini mwa Tanzania, wavuvi wa pwani ya Mtwara na Lindi walishirikishwa kurekodi video zao wenyewe kuhusu uvuvi wa baruti uliokuwa ukiua matumbawe na samaki wao, na zile video zikawafikia viongozi ambao wavuvi wasingewafikia kwa miguu. Ilikuwa kazi ya maana. Ilifanyika chini ya mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, na mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Redio zetu za jamii zinaijua hadithi hii. Sengerema, Pangani, nyingi zimewahi kushikwa mkono na UNESCO au mfadhili mwingine, na kila meneja wa redio ya jamii anajua ule mwezi ambapo ripoti ya mwisho inaandikwa na umeme unaanza kuhesabiwa. Mfadhili anaweza kuwa na moyo wa dhahabu, ila hana mtaro katika ardhi yako. Hakudai, humdai. Siku akiondoka huna pa kumshika.

Pango ni kitu kingine. Pango unalidai kwa sababu mtu anatumia chako.

Ndivyo nilivyokuwa nikimweleza mzee mmoja kutoka Kivu aliyekuja kituoni kurekodi kwaya ya kanisa lake. Kijana wake alikuwa anafunga taa, sisi tumekaa kwenye viti vya studio, akageuka akauliza:

"Sasa hizi franga za kamera zinatokaka wapi? Serikali ndiyo inalipa?"

"Hapana, Mzee. Zinatoka kwenye waya. Kila anayelipia kebo, kampuni inatoa kidogo hapo, inaleta huku."

Akacheka. "Mimi ile waya nilikata zamani. Watoto wanaangaliaka yote kwa telefone."

Yule mzee alikuwa amelisema tatizo zima la vituo hivi kwa sentensi mbili, na kwaya yake ilikuwa inarekodiwa kwa pesa ya majirani ambao bado hawajakata.

Maana wamekata wengi, na wanazidi kukata. Chukua hesabu ya mezani. Kaya inalipa dola 80 za chaneli na dola 70 za intaneti, kampuni ileile. Asilimia 5 ya zile 80 ni dola 4. Kaya ikiacha chaneli ikabaki na intaneti, labda ikaongeza kasi na sasa inalipa dola 90, pango linakuwa sifuri. Si kwamba waya umeondolewa. Fundi hakuja kuutoa mtaroni. Upo palepale, unapitisha picha zilezile, mpira uleule, tamthilia ileile, na mara nyingi unaiingizia kampuni faida nono zaidi. Kilichobadilika ni jina la kinachopita. Mwaka 2002 FCC iliamua kwamba intaneti inayopita kwenye kebo ni "huduma ya habari", si "huduma ya kebo". Ile sheria ya 1984 inahesabu mapato ya huduma ya kebo tu. Kalamu moja, na nusu ya bili ikatoka nje ya pango. Wakati ule nusu hiyo ilikuwa ndogo, kelele hazikuwa nyingi.

Kuna mji mmoja uliojaribu kusema wazi hicho ninachokisema. Eugene, Oregon, ulikuwa na ada ya leseni ya asilimia 7 kwa anayetoa huduma za mawasiliano kupitia barabara za mji, na ukaitoza kwenye mapato ya intaneti ya kampuni ya kebo ya Comcast pia. Hoja yao haikuwa na mapambo: barabara ni yetu, unazitumia, lipa. Comcast wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Oregon ikaupa mji ushindi. Nilipoisoma habari ile nilidhani mlango umefunguka. Mwaka 2019 FCC ikatoa amri ikisema miji hairuhusiwi kutoza ada kama ile ya Eugene juu ya intaneti ya kampuni za kebo, na kwamba hata misaada isiyo ya fedha ambayo kampuni huupa mji chini ya mkataba, mingi yake ihesabiwe ndani ya ile asilimia 5. Miji ikakata rufaa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikarekebisha namna ya kuthamini hiyo misaada, lakini juu ya intaneti ikasimama na FCC. Mlango ukafungwa na komeo juu. Ukiongeza sheria ya shirikisho inayopiga marufuku kutoza kodi huduma ya kuunganishwa na intaneti, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2016, unaona jinsi pande zote zilivyozibwa.

Kwa hiyo watetezi wa vituo wamegeukia kuwadai Netflix na wenzake. Massachusetts na Vermont kumekuwa na miswada ya kutaka huduma za video za mtandaoni zichangie televisheni ya jamii. Miji kadhaa imezishitaki kampuni hizo idai ada za kebo. Maple Heights, mji mdogo wa Ohio, ulifika mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2022 ukashindwa: majaji walisema Netflix na Hulu hazina nyaya wala vifaa kwenye ardhi ya umma, zinapita kwenye mtandao wa wengine.

Hapa natofautiana na wanaharakati wenzangu, na baadhi wameninunia. Nadhani majaji wa Ohio walikuwa sahihi. Netflix haijachimba mtaro Maple Heights. Ukitaka kuitoza kwa sababu ina pesa, itoze, iite kodi, uende bungeni ukaitetee kama kodi. Lakini ukisema ni pango wakati mpangaji ni mwingine, umeiua hoja yenyewe iliyokuweka mjini. Mpangaji ni yuleyule wa tangu zamani, mwenye waya. Tunamfukuza abiria kwa nauli wakati basi limeegeshwa uani kwetu bila kulipa.

Kinachotokea mji unapoachia pia tunakijua. California ilibadilisha sheria yake mwaka 2006, vibali vikahamia kwa jimbo, na kampuni zikaondolewa wajibu wa kuendesha studio za jamii. Jimbo likaruhusu ada ya ziada ya asilimia 1 kwa chaneli za jamii, lakini kwa vifaa na majengo, si kwa mishahara, kwa kuwa sheria ya shirikisho ndivyo inavyolitazama fungu hilo. Los Angeles ikaingia mwaka 2009 studio zake za umma zimefungwa. Mji wa mamilioni ya watu, mji wa filamu. Ada za kebo ziliendelea kukusanywa kama kawaida.

Hapa kwetu bado hatujafunga. Bunge la jimbo limekuwa likitupia fungu kuziba pengo, na kila mwaka wakurugenzi wa vituo hupanda Montpelier, makao makuu ya jimbo, kwenda kuliomba upya, jambo linalowageuza kutoka kuwa wenye nyumba hadi kuwa waombaji. Kituo chetu kimeanza kuuza huduma ya kurusha misiba na harusi moja kwa moja. Harusi za Wakongo zinalipa vizuri na zinachosha, maana zinaisha alfajiri. Pesa hiyo inasaidia. Haiwezi kulipa mtu wa kukaa kwenye kikao cha mipango miji cha Jumanne usiku, kwa sababu hakuna bwana harusi wa kikao cha mipango miji.

Kama unaishi Marekani na bili yako bado ina mstari ule, kuna jambo la kufanya kabla ya kuupigia kelele. Ulizia mamlaka iliyotoa kibali cha kebo kwako ni ipi, mji, kaunti au jimbo, kisha uliza mkataba unaisha lini. Mingi ni ya miaka kumi au kumi na mitano. Sheria inafungua dirisha rasmi la majadiliano ya kuhuisha kati ya mwezi wa 36 na wa 30 kabla ya mkataba kwisha, na hapo mamlaka hutakiwa kusikia mahitaji ya wakazi. Mikutano hiyo haiulizi uraia. Ni hapo chaneli, kamera na ada vinapoandikwa au vinapofutwa kimyakimya kwa miaka kumi ijayo, na kwa kawaida chumbani huwa na mwakilishi wa kampuni, mwanasheria wake, ofisa mmoja wa mji aliyechoka, na viti vitupu. Nenda na watu wa kwaya.